Daftari la Paa Aliloezeka Mwanangu

3 Septemba, Jumanne

Mzee Arsenio amenipa daftari hili leo, akanionya niandike mambo matatu tu: saa ngapi, nani amekuja au amepiga simu, na amesema nini. "Usitie chumvi, Bi Zoraida. Hili si la kusomea watu kanisani." Haya.

Saa nne asubuhi. Aliyekuja: Arsenio Quiala, mkadiria hasara. Alichosema: kuanzia leo sina mdomo. Mtu wa kampuni ya bima akipiga simu, nimwambie aongee na Arsenio, nikate.

Mimi bila mdomo! Waulize mji wetu mzima wa Hialeah kama wamewahi kuona kitu hicho.

Mambo matatu hayatoshi. Mtu akiliokota daftari hili atajuaje kwa nini nyumba yangu imevaa turubai la buluu? Naandika kidogo, kisha nanyamaza.

Kimbunga kilipita tarehe kumi na mbili Julai. Kilichukua vigae vya mbele, juu ya sebule na chumba changu, na vya nyuma, juu ya chumba cha kushonea. Maji yakashuka ukutani kama watu wanaotoka ibadani, bila haraka. Nyumba hii mimi na marehemu Evelio tuliinunua kwa miaka ishirini na saba ya kiwanda, yeye akikata vitambaa, mimi nikishona kola. Sijisifu, lakini kola yangu haikurudishwa hata moja.

Kampuni ikasema itatuma kijana wao kuangalia. Sasa mgeni anakuja, nyumba inanuka unyevu, nikae tu? Mimi na Migdalia, jirani yangu wa mlango wa pili, tukatupa zulia, tukatupa vigae vilivyovunjika, tukafua mapazia, tukapaka rangi doa la dari ya sebuleni. Kijana alipofika alikuta nyumba inang'aa kama siku ya ubatizo. Nikamkalisha, nikampa kahawa na keki za mapera. Mtoto wa watu, ana adabu. Akaniuliza, "Paa hili aliezeka nani?"

Hapo mwenye akili angekohoa. Mimi nikavuta kiti. Nikamwambia ni mwanangu Yorlandis, kwa mikono yake, Jumapili tatu, bila kunitoza hata senti, bila kwenda kupanga foleni ya kibali manispaa, na Jumapili ya mwisho tukachoma nguruwe mzima uani. Akaandika. Nilifurahi alivyokuwa anaandika! Nikamtajia hata herufi za jina, asije akakosea.

Agosti barua ikaja, ya Kiingereza. Migdalia akanisomea. "Kama mwenye nyumba mwenyewe alivyoeleza," ndivyo inavyosema, paa liliezekwa bila kibali na mtu asiye na leseni. Kwa hiyo maji yaliingia kwa ufundi mbovu, si kwa upepo. Hawalipi kitu.

Migdalia akavua miwani. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wewe mwenzangu umemsifia mgema mbele ya polisi."

"Nyamaza, jirani."

"Ungeanza wewe kunyamaza."

Ndiye aliyenipa namba ya Arsenio, aliyemsaidia mwaka ule bomba lake lilipopasuka. Kabla ya hapo alishapita mmoja wa viatu vya kung'aa, anagonga mlango hadi mlango, anataka nitie sahihi kabla hajatazama hata juu. Nilimtoa na ufagio. Arsenio alikuja na gari kuukuu, ngazi ya kukunja, na dawa ya pumu mfukoni. Alizifanyia kazi kampuni za bima miaka ishirini na mbili kabla ya kuhamia upande wa wenye nyumba. "Nimekula jikoni mwao," anasema. "Najua wanapoficha vijiko." Wakilipa, fungu moja katika kumi ni lake. Wasipolipa, anaondoka na ngazi yake. Nikatia sahihi.

Halafu naye akauliza swali lile lile, paa aliezeka nani. Nikamwambia marehemu Evelio alikodi watu, hawajulikani walipo, yule kijana alinisikia vibaya. Arsenio akanitazama juu ya miwani. Hakuandika.

Sababu naiweka hapa kisha nafunga. Yorlandis amefaulu mtihani wa leseni ya ukandarasi, wa kwanza katika ukoo wetu mzima, na bodi inakaa Novemba kumpitisha. Wakisikia aliezeka nyumba bila kibali wala leseni, watampitisha? Barua hajaiona. Iko kwenye droo ya cherehani. Akiuliza namwambia bado wanaangalia.

4 Septemba

Hakuna aliyekuja. Mvua saa tisa alasiri. Turubai linapiga pa, pa, pa.

5 Septemba

Hakuna. Mvua saa tisa.

8 Septemba, Jumapili

Sikukuu ya Bikira wa Cobre, mlinzi wa nchi tuliyozaliwa. Nimevaa njano, rangi yake, kama wote. Baada ya misa wanawake wakanizunguka kuuliza habari za Yorlandis na leseni yake. Nilikuwa na maneno ya saa nzima. Nikasema, "Hajambo." Migdalia akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Yorlandis akapita mchana na alizeti za Bikira. Ana mabega kama mlango wa kabati, sijisifu, ni Mungu tu. Akasimama uani akilitazama turubai.

"Mama, mwezi wa pili huu. Acha nipande nikaone."

"Usipande popote! Mzee Arsenio kasema hakuna kugusa." Hilo ni kweli, alisema.

"Na kampuni?"

"Bado wanaangalia."

Akanibusu utosini. "Wakikusumbua niambie mimi."

Niliziweka alizeti mbele ya Bikira. Hadi jioni zote zilikuwa zimegeukia dirishani.

12 Septemba, Alhamisi

Arsenio alikaa juu ya paa masaa matatu, kila baada ya hatua chache anasimama kupuliza dawa yake. Alipiga picha. Akaingia ndani na kidude cha kupima unyevu, akakigusisha dari niliyoipaka rangi. Kikalia kama kuku aliyekanyagwa.

"Rangi hii alipaka nani?"

"Mimi."

"Imependeza. Umefunika nusu ya ushahidi wako."

Hakusema kwa ubaya. Tukakaa mezani, nikamwekea kahawa, akanifungulia picha moja moja.

Picha za mbele zilikuwa na mashimo kwenye mbao, yamechanika pembeni, nyuzi za mti zimesimama kama nywele. "Ona hapa," akasema. "Msumari ulipigwa vizuri. Upepo umevuta kigae, msumari umegoma, umetoka na nyama ya mbao. Huu ni upepo, na hili watalipa, wapende wasipende."

Nilikuwa naanza kuvimba kichwa. Si nilisema? Mikono ya mwanangu!

Akafungua picha za nyuma. Mbao safi, laini, kama meza hii.

"Matundu yako wapi?" nikauliza.

"Ndilo swali langu. Hapa palikuwa na vigae arobaini na kitu. Nimehesabu misumari kumi na mmoja. Vingine vilikuwa vimelala tu, kama paka juani."

Nikaikumbuka Jumapili ile kabla hajamaliza kusema. Ilikuwa ya tatu, ya mwisho. Nguruwe ameiva, ngozi imepasuka vizuri, muhogo uko tayari na kitunguu saumu na ndimu, na majirani nimeshawaalika waje waone paa la mwanangu. Nilisimama uani nikaita kwa sauti yangu hii, "Shukeni! Nguruwe anapoa!" Yorlandis akachungulia kutoka juu. "Mama, bado kipande cha nyuma." Nikamwambia kipande cha nyuma hakina miguu. Wakashuka, yeye na rafiki zake watatu. Wakala, wakanywa bia, wakacheza domino. Walipopanda tena jua lilikuwa linazama, na walikuwa wanacheka sana.

Haya yote sikumwambia Arsenio. Nilimwambia, "Hizo picha za nyuma ziache."

"Siachi."

"Nimekukodi uniletee haki yangu, si kumpima mwanangu."

Nilishalitamka. Mwanangu. Akajifanya hakusikia, Mungu ambariki, akawa anakunja ngazi.

"Bi Zoraida, sikiliza. Nikificha mabaya ya nyuma, siku wakiyagundua wao, hata mazuri ya mbele yatakuwa uongo. Nimewaona wakifanya hivyo. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikifanya." Akakohoa hadi akashika ukuta. "Tafuta nani aliezeka. Nitakungoja."

Nilibaki na kahawa yake. Hakuimaliza.

13 Septemba

Hakuna.

16 Septemba

Hakuna. Mvua tangu saa nane. Ukutani kwenye chumba cha kushonea kuna kuvu jeusi, duara kama sarafu. Nimelisugua na dawa.

19 Septemba

Saa nane. Nimepiga mimi, kwa kampuni, ingawa nimekatazwa. Sauti ya mashine ikaniambia simu yangu ni ya thamani kubwa kwao. Muziki dakika arobaini. Ikakatika.

24 Septemba

Kuvu limerudi, sasa ni sarafu tano. Arsenio hajapiga. Nilimwambia Migdalia ameniletea tapeli mwenye pumu.

"Ulimpa alichokuomba?"

"Nani kakwambia ameniomba kitu?"

"Wewe, kwa kunywea. Zoraida, mtaa mzima una kitu kisicho na kibali. Kibaraza changu, gereji ya yule, chumba cha uani cha yule mwingine. Hakuna atakayekucheka."

Hanielewi. Siogopi kuchekwa. Au naogopa hilo tu, na mengine nasingizia. Leo sijui.

29 Septemba, Jumapili

Nimekwenda makaburini. Nimempelekea Evelio maua, nikamfutia jina kwa kitambaa. Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kusema uongo, hata kuhusu chakula changu cha mwaka wa kwanza. Na mimi nimemsingizia mafundi asiowajua. Nilisimama pale nikitafuta pa kuanzia. Mvua ikanifukuza.

9 Oktoba, Jumatano

Kimbunga kingine kimepita mbali, lakini kimetuburuzia mkia wake. Mvua tangu alfajiri. Saa saba turubai la nyuma likachanika. Robo saa baadaye dari ya chumba cha kushonea ikaanguka yote kwa mkupuo, kama mtu aliyezimia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo. Ningekuwa kwenye kiti changu, daftari hili lingeishia hapa.

Nilimpigia Yorlandis. Alifika na nguo za kazi, lami hadi viwikoni.

"Toka humo, mama! Lete ndoo!"

"Cherehani!"

"Achana na cherehani!"

"Nimekulea na cherehani hilo!"

Akalibeba peke yake, chuma na meza yake, amelikumbatia kifuani. Kwenye kizingiti likainama na droo ikateleza. Vikamwagika bobini, vifungo, chaki. Na bahasha.

Anajua Kiingereza kumshinda Migdalia. Aliisoma barua amesimama ndani ya maji. Nilikuwa natazama midomo yake inavyokwenda, na ilipofika penye jina lake ikasimama.

"Tarehe ishirini Agosti," akasema.

"Mwanangu, nilitaka..."

"Kila siku nakuuliza. Kila siku, mama."

"Nilikuwa nakulinda. Ile bodi..."

"Ulimwambia mtu wao hakukuwa na kibali? Yeye kakuuliza kibali?"

"Hakuuliza."

"Na nguruwe ulimwambia?"

Nikainama kuokota vifungo.

Akalilaza cherehani ubavuni jikoni, akachukua ngazi, akapanda kwenye mvua ile. Nilipiga kelele ashuke. Hakusikia, au hakutaka. Alikaa muda mrefu. Aliposhuka maji yalikuwa yanamchuruzika puani, na uso wake ulikuwa uso wa miaka saba, wa siku ile alipovunja dirisha la kanisa.

"Upande wa nyuma niliruka misumari," akasema. "Nilijiambia nitarudi Jumamosi nimalizie. Jumamosi ikawa na kazi nyingine. Miaka mitatu hii, kila Jumapili nakuja kula hapa, chini ya vigae vile, na wewe unanisifia kwa wageni. Kila ukinisifia najiambia, wiki ijayo."

"Mimi ndiye niliyekuita ushuke. Nguruwe alikuwa..."

"Mama, uliita watu wanne. Nyundo ilikuwa mkononi mwangu mimi."

Akafunga turubai jipya, akaondoka. Hakunibusu utosini.

Miaka mitatu nimekuwa nikijivunia paa. Yeye miaka hiyo hiyo alikuwa analibeba.

10 Oktoba

Hajapiga.

11 Oktoba

Hajapiga.

13 Oktoba, Jumapili

Niliweka sahani yake. Saa kumi nikaiondoa.

17 Oktoba, Alhamisi

Saa tano. Aliyekuja: Arsenio. Alichosema: kampuni imetuita kwa wakili wao, tarehe ishirini na nne. Wataniuliza maswali kwa kiapo, na mtu atachapa kila neno.

Akaomba kuona daftari. Nikampa, nimesahau yaliyomo, au sikusahau. Alisoma kurasa zote, anapuliza dawa, anafunua. Nilimenya ndizi tatu bila sababu.

"Nilikuomba mambo matatu," akasema.

"Nimetia chumvi kidogo."

"Umepika mchuzi mzima." Akalifunga taratibu. "Ujue kwamba wanaweza kuliomba. Ukisema jambo moja kwa kiapo na daftari linasema lingine, mimi siwezi tena kukusaidia."

"Unaniambia nilichome?"

"Sikuambii. Ni lako."

Kisha akatoa karatasi kwenye mkoba wake. Nilitambua mwandiko kabla ya kusoma. Yorlandis alikwenda kwake Jumatatu, peke yake. Ameandika kwamba aliezeka yeye, bila kibali; mbele alipiga misumari yote, nyuma hakupiga. Ametia sahihi yake kubwa ile, yenye mkia.

"Umemruhusu!" nikasema. "Na leseni yake? Umemruhusu mtoto ajichome mwenyewe?"

"Nilimwambia yote. Alinijibu kwamba leseni ya mtu anayeruka misumari haifai hata kufungia vitumbua." Arsenio akairudisha karatasi mkobani. "Sijaipeleka popote. Ikisimama na maneno yako, ina nguvu. Ikigombana na maneno yako, itawazamisha wote wawili. Anataka useme mwenyewe, Bi Zoraida. Ametaka hivyo yeye."

Alipoondoka niliwasha jiko. Nikasimama na daftari mkononi hadi maharage yakaanza kunukia. Nikalirudisha mezani.

24 Oktoba, Alhamisi

Saa mbili na nusu Yorlandis alisimamisha gari mlangoni. Alikuwa hajakanyaga hapa tangu tarehe tisa. Taa za barabara kuu zikatusimamisha.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Nimekula." Taa zikageuka kijani. "Usimtaje baba, mama. Mwache apumzike."

Sijui alijuaje. Labda mtoto humjua mama yake kama fundi anavyoujua mti.

Yeye alibaki nje kwenye kiti cha plastiki. Tuliingia mimi na Arsenio. Wakili ni mwanamke, mdogo, blauzi ya mashine lakini imekaa vizuri. Kando yake dada mwingine anachapa bila hata kutazama vidole. Mkalimani ni mtu wa kwetu, wa Santa Clara, nilimsikia kwa lafudhi. Nikaapa.

Wakili akaanza mbali, jina, umri, mwaka wa kununua nyumba, shule niliishia wapi. Darasa la sita, nikasema, huko kwetu Placetas. Halafu akainua karatasi.

"Paa la nyumba yako liliezekwa na nani?"

Nilikuwa na majibu mawili kinywani, na lile la Evelio ndilo lililokuwa mbele, limelala tayari, jepesi. Dada wa kuchapa alisimamisha vidole hewani.

"Na mwanangu," nikasema. "Yorlandis. Unataka herufi?"

Nikamtajia herufi zote, kama nilivyomtajia yule kijana Julai, ila safari hii kila moja ilinikwaruza ikitoka.

"Alikuwa na leseni?"

"Hapana."

"Kibali?"

"Hapana. Mbele alipiga misumari yote, mzee huyu ana picha. Nyuma hakupiga, kwa sababu mimi nilimwita aje kula, akashuka, na giza likaingia."

Wakili akainua kichwa. "Hilo sijakuuliza, mama."

"Najua. Nimezoea kusema nisiloulizwa. Ndiyo maana tuko hapa."

Mkalimani alitafsiri akiwa ameinamisha uso. Arsenio akapatwa na kikohozi, lakini mimi nakijua kikohozi chake sasa; kile hakikuwa pumu. Kisha akaweka karatasi ya Yorlandis mezani, na picha za mbele juu yake, na za nyuma pembeni, bila kuzichanganya.

Tulitoka saa sita. Yorlandis akasimama. Hakuuliza. Nilimtikisia kichwa kwamba nimesema, akakitikisa chake, akanifungulia mlango wa gari.

27 Oktoba, Jumapili

Niliweka sahani. Niliiondoa.

3 Novemba, Jumapili

Vivyo hivyo.

7 Novemba

Hakuna. Mvua imeanza kupungua. Kuvu linapanda hata bila mvua.

14 Novemba, Alhamisi

Saa tisa. Aliyepiga: Arsenio. Alichosema: wamekubali mbele, sebule na chumba changu, paa, dari na kuta. Nyuma hawalipi. Na mwakani hawanitaki tena. Bima inaishia Machi, nitafute kampuni nyingine.

"Nani atanichukua?"

"Kwa bei ya kawaida, sijui," akasema. "Sitakudanganya."

"Ungekuwa umeficha zile picha tungepata vyote?"

"Mngepata hewa."

Nilimwambia asante. Nilimwambia pia anywe tangawizi ya moto na asali kwa kifua chake, na kwamba kahawa yake ya Septemba bado namdai aje aimalize. Sijui kwa nini nililia baada ya kukata simu, kwa maana tumeshinda.

18 Novemba, Jumatatu

Saa mbili asubuhi. Aliyepiga: Yorlandis. Alichosema: bodi imekaa. Waliuliza kama ana kazi yoyote aliyofanya bila kibali. Akasema anayo moja. Wamemrudisha hadi mwakani, na akija aje na barua ya manispaa kwamba ameirekebisha.

Nikasema, "Ungekaa kimya tu wasingejua."

"Kama wewe ulivyokaa kimya kwa wakili?" akasema. Halafu, "Niko kazini, mama."

Dukani kwa ndugu wa Kiarabu wanaoniuzia vitambaa, kanisani kwetu, na kwa kinyozi, kote nilishatangaza kwamba Novemba nitakuwa mama wa mkandarasi. Itabidi nipite nikiyakusanya maneno yangu mlango kwa mlango, kama yule wa viatu vya kung'aa.

22 Novemba

Migdalia kaona karatasi dirishani kwangu akadhani natangaza nyumba inauzwa. Akaja mbio na mikono ya unga.

"Unauza?"

"Ni kibali cha manispaa. Cha paa la nyuma. Jina la mwenye nyumba ndilo hili, langu. Yorlandis amepanga foleni siku mbili."

Akakisoma chote, hadi muhuri. "Mtaa huu sijawahi kukiona kimoja," akasema. "Ndivyo vilivyo?"

28 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Yorlandis alikula kwa wakwe zake. Alinitumia picha ya bata mzinga. Mkavu.

30 Novemba, Jumamosi

Leo msimu wa vimbunga unaisha kwenye kalenda.

Saa moja asubuhi. Aliyekuja: Yorlandis, na ngazi, na vigae vipya, peke yake. Alichosema: "Mkaguzi wa manispaa anakuja Jumatatu kuhesabu." Akapanda.

Nimepika tangu saa tatu. Wali wa maharage meusi, muhogo na kitunguu saumu, ndizi mbivu, nyama ya nguruwe ya begani, kidogo tu, ya watu wawili. Saa sita nikapakua. Nikatoka uani, nikasimama pale pale niliposimama miaka mitatu iliyopita. Namuona viatu tu. Kinywa kikafunguka chenyewe, pumzi imeshajaa.

Nikakifunga.

Juu, nyundo. Ko, ko. Kimya. Ko, ko. Kimya. Kila kigae misumari miwili. Nikaketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma nikawa nasikiliza. Migdalia akachungulia juu ya ua akafungua mdomo, nikamwonyesha kidole cha kunyamaza, akaufunga.

Saa saba wali ukashika ukoko. Saa nane mafuta ya nyama yakaganda meupe kwenye sahani. Muhogo ukawa kama mbao. Saa tisa, saa ya mvua, haikunyesha. Chakula kimepoa chote. Sikumwita.

Saa kumi na nusu. Aliyeshuka: Yorlandis, fundi paa. Alichosema: "Kimebaki chakula, mama?"